Winga Aliyesimamia Mguu Uliovunjika

Ka. Sauti moja tu, usiku, kama ukuni mkavu unaovunjwa kwa goti. Mzee mmoja huko Uingereza akashtuka kitandani.

"Umesikia?" akamuuliza mkewe.

"Sikusikia kitu. Lala."

Mkewe angesikiaje, ndugu zangu? Sauti ile ilikuwa imelia miaka mingi nyuma, mchana kweupe, katikati ya umati, na mzee huyu ndiye aliyekuwa karibu.

Enzi zake alikuwa nahodha wa timu ya mji mmoja wa viwanda vya nguo, miaka ile baada ya vita kuu ya pili. Kulia kwake alicheza winga mmoja mwembamba, mwepesi. Kazi ya winga mnaijua. Anakimbia pembeni kabisa, karibu na mstari wa chaki, anamzungusha beki, anamimina krosi. Mwingine anafunga, na uwanja unaimba jina la huyo mwingine. Winga yule hakulalamika. Ndiyo kazi aliyoichagua.

Ikafika fainali ya kombe. Mechi ikiwa bado sare, beki akamkata winga, na mfupa ukalia. Siku zile hakukuwa na mchezaji wa akiba. Ukiumia, unatoka na wenzako wanabaki pungufu, au unasukumwa pembeni ukasimame tu, ujaze hesabu.

"Nahodha, mguu umevunjika," winga akasema. Jasho lilikuwa limemtoka usoni kama mtu wa homa.

"Umeteguka tu. Inuka."

"Umevunjika, kaka. Nimeusikia."

Nahodha naye alikuwa ameusikia. Akasema, "Nenda kasimame pembeni. Dakika chache tu. Wakikuona umesimama, hawatajua tumepungua."

Akaenda. Akasimama. Beki akamcheka: "Leo wewe ndiwe kibendera cha kona?" Kisha akamwacha peke yake, maana nani hupoteza muda kulinda kibendera? Kwa hiyo mpira ulipotupwa upande ule, hakuna aliyemkaba.

Sasa fikirini nami kidogo. Mtu hapigi mpira kwa miguu miwili. Mmoja unapiga, mwingine unabeba mwili wote. Ili aupige kwa mguu mzima, ilimbidi asimamie ule uliovunjika. Akausimamia. Krosi ikapaa, nahodha akaruka, kichwa, goli. Wenzake wakambeba nahodha mabegani. Winga alikuwa amelala kwenye majani, na kwa muda mrefu hakuna aliyegeuka kumtazama.

Hakucheza tena. Mguu uliunga vibaya, akapewa kazi ya kukaa langoni kwenye kiwanda, akifungua na kufunga. Nahodha akawa mtu mkubwa. Kila karamu aliombwa asimulie lile goli, na kila karamu alisimulia hivi: "Mpira ulikuja, nami nikauweka wavuni." Ulikuja. Mpira una miguu?

Siku moja mke wa winga alimfuata nyumbani kwake.

"Shemeji, sijaja kuomba," akasema. "Mwenzangu husikiliza redio kila unapohojiwa. Hushika kikombe mpaka chai inapoa. Anasubiri umtaje."

"Shemeji, watangazaji wana haraka. Wanataka goli tu."

"Jina lake linachukua muda gani kulitamka?"

Nahodha akainuka. Akamsindikiza mpaka getini kwa adabu nyingi, akafunga.

Mnadhani ilikuwa kiburi? Afadhali ingekuwa kiburi. Ilikuwa hofu. Angemtaja winga, mtu angeuliza: huyo yuko wapi siku hizi? Mbona hakucheza tena? Nani alimwambia asimame?

Na sisi? Sisi tunasimama hapa mbele kutoa ushuhuda. "Mungu alinifungulia mlango, nikasoma, nikapata kazi, nikajenga." Nanyi mnajibu amina, na mimi najibu amina. Lakini dada yako aliyetolewa shule ili ada yake iwe yako, mbona hayumo katika ushuhuda huo? Amekaa wapi leo? Mwingine amekaa humu humu, benchi la nyuma, anakupigia makofi. Tunamweka Mungu mahali pa mtu tuliyemvunja, kwa sababu Mungu hatatuuliza maswali mbele ya watu. Tunaita hiyo shukrani. Mimi naiita kujificha nyuma ya madhabahu.

Tukifanya sherehe tunasoma majina ya wageni waalikwa mpaka midomo inakauka, kisha tunamalizia: "na wengine wote ambao sikuwataja." Wengine wote! Humo ndimo tunamozikia watu wakiwa hai. Nao wanaendelea kusubiri, na chai inaendelea kupoa, mpaka siku inafika ambapo hakuna tena wa kutajwa.

Winga alikufa wakati wa baridi kali. Mazishini walikuja wachache: mjane, majirani, wenzake wa kiwandani. Watu wa karamu hawakuja, wala watangazaji. Kasisi akauliza kama yupo mwenye neno. Yule mzee akasogea, kofia mkononi.

"Umechelewa, shemeji," mjane akamwambia. "Lakini sema. Na usiseme nusu."

Mzee akalitazama jeneza. Mbele yake hapakuwa na hata mtu mmoja ambaye hakulijua jina lile tayari.

"Nilijua mguu umevunjika," akasema, "na nikamwambia asimame. Goli lile ni lake. Ni la Edwin Tasker."