Senti za Benki Iliyokufa

Naapa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto nimeuweka mezani kila mtu auone: haya yote yalitokea, wala sijatia chumvi hata ya kulia yai. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Maana yake ni kwamba mtu anapoliwamba jambo, hasa kwa maneno, hulivuta upande wake, hata akiapa kuwa anawavutia wenzake. Anayetaka ushahidi na amtazame Verlin Stoltz.

Verlin alikuwa tarishi mstaafu katika mji mdogo wa Prairie Fork, huko Iowa. Alibeba barua za watu kwa miaka thelathini na mitano, na alipostaafu akabaki na miguu mibovu na ulimi mzima. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wapenzi wa sarafu kuukuu walikutana katika ukumbi wa wazima moto, wakapanga meza na kuuziana. Kina mama wa kanisa la Kilutheri waliuza kahawa na pai ya tufaha pembeni. Mlangoni zilibandikwa kanuni mbili. Ya kwanza: anayefungua msokoto wa sarafu zilizofungwa kwa karatasi ameununua. Ya pili: muuzaji akinaswa kwa uongo, anawalipia pai wote waliomo.

Verlin hakuwahi kulipa pai hata siku moja, na si kwa sababu alikuwa mkweli.

Wakati wa baridi, theluji ikiwa imefika dirishani, alikaa jikoni kwake peke yake na ndoo ya senti za zamani, akizichambua moja moja kwa kioo cha kukuzia kama mama anayechambua mchele. Iliyokuwa na thamani iliingia katika albamu yake. Makapi aliyapanga hamsini hamsini, akaweka senti moja kikongwe kila ncha ili uso wake uchungulie nje, kisha akayasokota katika karatasi za Benki ya Wakulima, ambazo aliokota kwenye mnada wa shamba. Benki hiyo ilifilisika mwaka 1931. Karatasi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, na ukizinusa unapiga chafya. Nani angezitilia shaka?

Jumapili moja ya Oktoba akaingia Ardith Halvorsen, mjane wa Merle. Merle na Verlin walianza kukusanya senti pamoja wakiwa bado wanavaa kaptura, na mmoja alimwona mwenzake kama ndugu wa tumbo moja. Ardith alikumbatia albamu ya marehemu. Matundu yake yote ya senti yalikuwa yamejaa isipokuwa moja, la senti ya mwaka 1909 yenye herufi S chini ya tarakimu. Senti hiyo ni adimu kama maziwa ya kuku.

"Karibu, shemeji!" Verlin akanguruma. "Umefika ghalani kwenyewe. Misokoto thelathini, haijapekuliwa! Tangu benki ifunge milango mwaka thelathini na moja, jicho la binadamu halijaziona hizi."

"Na ile ya Merle yaweza kuwamo?"

"Yaweza? Shemeji, inakusubiri humu imevaa kabisa! Kwa dola ishirini tu, senti ya Merle ni yako. Ishirini!"

Ardith akainama, akatazama ncha za misokoto. "Mbona senti zako zina adabu hivi, Verlin? Misokoto thelathini, na katika kila mmoja vikongwe ndio waliokaa mlangoni."

Duane Pospisil, mwenyekiti wa chama, akacheka mdomo ukiwa na pai. "Labda wanapunga hewa!"

"Hewa ya mwaka thelathini na moja hiyo," Verlin akajibu upesi.

Ardith hakucheka. Alitoa bahasha mkobani, akaiweka mezani na kuifunika kwa kiganja. "Hizi ni mia sita, ishirini kwa kila msokoto. Zilikuwa za tanuru la kupasha nyumba moto, fundi anakuja Alhamisi. Lakini Merle alikufa akilitazama tundu hili. Nitavaa makoti mawili."

Moyo wa Verlin ukamchoma kama mwiba wa samaki. Neno moja tu lingetosha: shemeji, rudi na hela zako. Alifungua mdomo kulisema. Lakini ulimi uliozoea kuteleza haujui kusimama.

"Hutajuta," akasema.

"Sawa. Ila Merle aliniachia zoea moja." Ardith akatoa funguo za mumewe. Katika pete ya funguo kulikuwa na kipande cha sumaku, alichokitumia marehemu kupimia fedha bandia. "Kanuni inasema nisifungue. Haisemi nisisalimie."

Akaipitisha sumaku juu ya misokoto, taratibu, kama anayewabariki watoto. Wa kwanza ukatulia. Wa pili ukatulia. Wa tatu ukajiviringisha, ukairukia sumaku na kung'ang'ania kama kupe.

Hapakuwa na mtu ukumbini asiyejua kuwa shaba haiifuati sumaku, na kwamba ni mwaka mmoja tu nchi ilipotengeneza senti za chuma: 1943, shaba yote ilipokwenda kwenye risasi za vita.

"Verlin, benki ilifungwa lini?"

"Thelathini na moja," sauti ikatoka kama ya mbu.

"Sasa hizi za chuma zimeingiaje? Zimezaliwa humo humo?"

Duane alikwishasimama. "Kina mama, kateni pai! Stoltz analipa!"

Vicheko vikapasuka, lakini Ardith hakuondoa macho. "Wao wale pai. Mimi nina swali lingine. Kama ulizipekua zote, ile ya Merle uliiona?"

Verlin akavitazama viatu vyake. Aliiona. Ilikuwa katika albamu yake kwa mwaka wa nne sasa, na Merle alikuwa na miaka miwili tu kaburini.

"Ipo nyumbani," akasema.

Alasiri hiyo hiyo alimpelekea Ardith ile senti. Aliikandamiza kwa dole gumba katika tundu la mwisho, machozi yakimlengalenga, na hakupokea hata peni moja. Kisha akaondoka kimya, kama waungwana waondokavyo.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini Ardith aliomba aisome hadithi hii kabla haijasomwa ukumbini, na ameirudisha na maandishi ya penseli pembeni: "Mwongo we! Nilikulipa dola ishirini, kama ulivyozitangaza, na ulizihesabu mara mbili. Machozi yalikuwa yangu. Na nani kakudanganya kwamba ukijiita 'yeye' hatutakujua?"

Basi. Jumapili hii pai ni juu yangu tena, ukumbi mzima, na Duane ameshasema atakula vipande vitatu. Niliziwamba senti nikavutia kwangu, nikaiwamba hata toba yangu nikavutia kwangu. Hakika, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.