Vuai na Tangazo Jingine

Hapo zamani, katika mji wa Shumbani, alikuwako mtu jina lake Vuai, fukara asiye na mbele wala nyuma, ila ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe. Ikawa siku mbili kabla ya kumwoza binti yake, mkewe Mwanaidi akarudi kisimani na mtungi mtupu.

"Mume wangu, kisima kimefungwa! Sultani amepigilia ubao wenye maneno ya Kizungu, na askari amesimama na bakora. Pilau ya harusi tutaipikia mate?"

Basi Vuai akaenda barazani kwa Sultani Badawi, akamkuta ameketi na mgeni wake, Mwingereza aliyemfundisha kuandika maneno hayo.

"Maulana, ubao wasemaje?"

"Wasema kisima kimefungwa antili fadha notisi! Yaani, mpaka tangazo jingine. Kelele za wateka maji zaninyima usingizi wa mchana."

"Na tangazo hilo litatoka lini?"

Sultani akacheka. "Ndio uzuri wa neno hili, Vuai. Halina siku wala mwezi."

"Na likitoka?"

"Likitoka, kisima ki wazi, na askari hana neno na mtu."

Vuai akainama, akaenda zake. Akaokota kipande cha ubao na kaa la moto lililozimika, akaandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, kisha akakipigilia chini ya ule wa Sultani: *Tangazo jingine. Vuai anamwoza binti yake Ijumaa. Watu wote mwaalikwa.*

Askari akasoma, akakuna kichwa. "Hili ni tangazo?"

"Ni tangazo."

"Ni jingine?"

"Kwani ndilo lile la kwanza?"

Askari akashusha bakora, akafungua mlango. Wanawake wakamiminika na mitungi, vigelegele hewani, hata Sultani akagutuka kitandani. Mara Vuai akaletwa barazani mbele yake na mgeni wake, pamoja na ubao aliouandika.

"Ewe Vuai! Umevunja amri yangu!"

Ulimi wa Vuai haukutetereka. "Maulana, mimi nimeitii. Ubao ulisema mpaka tangazo jingine. Haukusema la nani, wala la nini."

Sultani akamgeukia mgeni. "Je, niliandika vibaya?"

Mwingereza akajizuia kucheka. "Neno ni sahihi, Maulana. Ila kwetu husaini chini yake mwenye kutangaza, watu wajue ni nani wa kumngoja."

Sultani akamtazama Vuai, akautazama ubao, kisha akaangua kicheko hata kilemba kikamwenda upande.

"Na hao watu wote walioalikwa, mimi nimo?"

"Maulana, sikuandika 'ila Sultani'."

Basi Ijumaa ile Sultani Badawi akaja harusini na magunia ya mchele na fahali mnono, akaketi jamvini, akala sinia moja na Vuai, na kisima hakikufungwa tena. Nasi hapa ndipo tunapokunja jamvi la hekaya. Aliyeshiba kicheko na anawe mikono.