Bunduki Isiyokwisha

Wahenga waliposema mchagua jembe si mkulima, hawakuwa wakimsema mvivu. Mvivu hana haja na jembe. Walimlenga fundi, mpenda kazi, anayesimama kando ya shamba akipima mpini huku mvua zikipita.

Maren Halvorsen alikuwa binti wa namna hiyo. Aliishi na baba yake, mzee Orrin, chini ya milima ya Montana, Marekani, ambako kila nyumba hujaza friza nyama ya kulungu kabla theluji haijafunga njia. Mzee alikuwa amemwahidi kumpeleka kwenye bonde aliloliwinda tangu ujana, mahali ambapo hakuwahi kumwonyesha mtu. Maren naye alitaka kwenda huko na bunduki aliyoiunda kwa mikono yake, kipande kwa kipande. Ya dukani, alisema, ni kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine.

Msimu wa kwanza wa kuwinda ulipita mtutu haujafika kutoka kwa fundi. Wa pili ulimkuta akisugua kitako cha mti wa jozi kwa mafuta, tabaka juu ya tabaka. Jirani yao Wendell kila akipita aliuliza kama mtoto amezaliwa. Maren alicheka, akaendelea kusugua. Wakati huo macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alisema wazi kwamba hayatarudi. Maren alisikia, ila alidhani muda bado upo.

Msimu wa tatu bunduki ikakamilika. Ilipendeza, hakuna wa kubisha. Asubuhi ya kwanza ya baridi Maren alivaa koti lake nene la sufu, akaipandisha begani, ikakwama kwapani. Kitako alikipima mwezi wa Julai, wakati wa joto, jikoni, akiwa na fulana tu. Juu ya koti kilikuwa kirefu kupita kiasi. Siku hiyo hiyo alikifungua, akasema atakichonga upya na bondeni wataenda mwakani.

Mzee Orrin alimwomba Wendell ampeleke mjini, akarudi na bunduki nzima ya dukani, nyeusi, yenye kitako cha plastiki, akailaza mezani.

"Mbaya hiyo, Baba," Maren alisema.

"Mbaya kweli. Hata mimi naiona, na siku hizi sioni kitu."

"Nipe mwaka mmoja tu."

"Mwaka ninao, mwanangu. Macho ndiyo sina. Mimi sikutaka kuona bunduki. Nilitaka kukuonyesha bonde."

Jioni Maren alitoka uani kuijaribu bunduki ile mbaya, nayo ikapiga pale pale alipolenga. Kesho yake walipanda mlima, wote wawili katika vizibao vya rangi ya chungwa ambavyo wawindaji huvaa ili wasipigwe risasi kwa makosa. Binti alimwongoza baba kwa mkono, na baba akamwongoza binti kwa kumbukumbu: pita kijito, fuata mwamba, tafuta misonobari miwili pacha. Mmoja ulikuwa umeanguka zamani, lakini Maren hakumwambia.

Bondeni mzee alisikia theluji ikivunjika, akamshika bintiye bega.

"Yukoje?" alinong'ona.

"Dume. Pembe pana. Anatutazama."

"Ngoja ageuke ubavu."

Kulungu aligeuka. Maren alifyatua mara moja, mnyama akaanguka papo hapo.

Walimpasua pamoja, na mikono ya mzee haikuhitaji macho kwa kazi ile. Alipomaliza alizipapasa pembe, tawi kwa tawi, akitabasamu, kisha akauliza bonde lina rangi gani leo. Maren alianza kueleza, kisha akaacha. Msimu wa kwanza baba yake angeliona lote mwenyewe, na bunduki kama hii ilikuwa ikiuzwa mjini hata wakati ule. Alimkumbatia, akalia juu ya koti lake.

"Nisamehe, Baba."

"Tumefika, mama. Haya, niambie rangi."

Alimwambia zote, moja moja, mpaka vidole vyao vikaanza kufa ganzi, na mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba anaziona. Lakini bonde la kusimuliwa si bonde la kuona. Hakika, mchagua jembe si mkulima.