Kwa Nini Mchoraji wa Rangi ya Maji Huacha Peupe

Leo ni mara ya tatu mnaniuliza rangi nyeupe iko wapi kwenye kasha. Haipo. Sijaificha wala sijaila. Wekeni brashi chini, niwaambie kwa nini sisi wa rangi ya maji hatuna nyeupe. Mimi nilielezwa na bibi yangu, naye alikuwa mkali kunishinda.

Enzi zile kuta ndizo zilizokuwa karatasi zetu, na mchoraji alisifiwa kwa kujaza. Hapakutakiwa kubaki hata upana wa ukucha ambao haujapakwa. Aliyeacha peupe aliitwa mvivu, kama mtu aliyelima nusu ya shamba akaenda kulala. Huko milimani Upare, aliyewapita wote kwa kujaza alikuwa Mbonea. Alichora kwa mkaa, kisha akaufunika mkaa wake kwa udongo mwekundu, masizi na maji ya majani, tabaka juu ya tabaka, mpaka mstari wa kwanza ukazikwa.

Kijijini kwake aliishi mjane wa rafiki yake, Mama Nakundwa. Huyo Nakundwa, mtoto wake wa pekee, alikuwa amefariki kwa homa akiwa msichana wa kuolewa. Watu waliendelea kumwita mama kwa jina la mwanawe, na kila walipomwita lilimchoma. Lakini kilichomtesa zaidi kilikuwa kingine, na siku moja alimfuata Mbonea akamweleza.

"Shemeji, sura ya mwanangu inanitoka. Jana nimeshinda namtafuta kichwani, nikaambulia shanga zake tu. Nichoree kabla sijampoteza kabisa."

Nyumbani kwa mama ulikuwepo ukuta mmoja ambao marehemu mumewe aliupaka udongo mweupe. Mbonea akachora hapo kwa mkaa: shingo, kidevu, kichwa kilichoinama juu ya ungo. Mama akajishika mdomo. Ndiye! Angeishia hapo tungekuwa na hadithi nyingine, lakini Mbonea aliogopa kuitwa mvivu. Akapaka, akajaza, akazidisha. Alipomaliza, ukutani palikuwa na msichana mzuri, mzito kama chungu.

"Huyu simjui," mama alisema taratibu.

Mbonea akaosha ukuta akaanza upya. Alijua kilichokosekana ni mwanga wa shavuni, basi akatafuta kitu cheupe cha kuupaka. Akajaribu unga, sisimizi wakaubeba wote. Akajaribu jivu, msichana akazeeka. Akajaribu maziwa, paka wa jirani akaja kumlamba shavu. Msicheke, mama hakucheka. Kila ukuta ulipooshwa, ule udongo mweupe ulipungua, mpaka fito zikaanza kuchungulia pembeni. Ilibaki nafasi ya kuchora mara moja tu. Na mama, kwa kutazama sura hizo zilizokosewa, alizidi kuisahau ile ya kweli.

Mara hiyo ya mwisho Mbonea alichora kwa mkono mwepesi, na kwa woga akaongeza maji mengi kwenye rangi. Alipolikaribia shavu, mama aliweka kiganja ukutani.

"Hapa usipake, shemeji. Alikuwa akipepeta mlangoni, jua lilimpiga hapa."

"Watu watasema nimeshindwa kumaliza."

"Waseme. Wewe unamaliza ukuta, mimi namtafuta mwanangu."

Mbonea akashusha brashi. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu: "Wapi pengine nisipake?"

Mama akamwonyesha. Ncha ya pua. Bega. Ukingo wa ungo. Kila mahali alipogusa, Mbonea alipazungushia mstari mwembamba wa mkaa, kama mtu anayezungushia ua bustani, na rangi yake nyepesi ikapita kando. Waliporudi nyuma kutazama, ule ukuta mtupu ulikuwa umegeuka jua. Mama akalia kwa sauti, kilio ambacho hata msibani hakikumtoka. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya mwanawe.

Majirani walikuja kuona. Mmoja wao, hodari wa kukosoa kama baadhi yenu, akasema, "Mbonea, hapa shavuni umesahau."

Mama ndiye aliyemjibu. "Hajasahau. Hapo ndipo mwanangu alipo."

Na tangu siku hiyo, mchoraji wa rangi ya maji hutanguliza mstari wala hauziki, rangi huifanya nyepesi, na mwanga haupaki, huuacha. Akikaa mbele ya karatasi hujiuliza kwanza asipake wapi, maana akishapapaka hapana kurudi. Ukuta wa Mama Nakundwa ulivumilia kuoshwa mara nne. Karatasi zenu hizi hazitavumilia hata mara moja.

Haya, chukueni penseli. Kila mmoja afikirie sura anayoogopa kuisahau, kisha aje aniambie mwanga wake ulikaa wapi.