Panga Mia Tatu za Mfalme Teobaldi

Hapo zamani, na asinibishie mtu, kwa maana nilikuwako mwanzo hadi mwisho na niliyaona yote kwa macho haya mawili, palikuwa na mji uitwao Montesera, na mfalme wake akiitwa Teobaldi. Ndani ya mji ule walikaa Wayahudi, na miongoni mwao hapakuwa na fukara kama Elkana mhunzi.

Basi mfalme alimpa Padri Kasiani ruhusa ya kuingia sinagogi kila Sabato awahubirie Wayahudi, watake wasitake. Nao waliketi kwa adabu, masikio yamezibwa kwa nta. Elkana peke yake hakuwa na nta hata ya sikio moja, ikawa ndiye mtu wa pekee aliyeyasikia mahubiri yale. Alimwona padri akifungua kitabu cha nabii Isaya, akisoma aya moja, kisha akikifunga pap! na kunguruma, "Limetimia!" Elkana akirudi nyumbani humwambia mkewe Yokabedi, "Mtu yule asoma vizuri, ila ana haraka. Nabii hajameza mate, kitabu kimekwisha kufungwa."

Mwaka ukapita asibatizwe hata paka. Padri akaenda kumlilia mfalme, na mfalme akamtuma mpiga mbiu: "Yote waliyoyatabiri manabii juu ya siku za Masihi yamekwisha kutimia! Yeyote atakayekana hayo, kwa neno au kwa tendo, atatoka mjini yeye na nyumba yake siku ya nane!"

Wazee wakararua nguo zao. Rabi Asheri akasema, "Kinywa changu hakitalitamka hilo." Naye Yokabedi, mimba yake ikiwa ya mwezi wa tisa, akamwuliza mumewe, "Nizae barabarani, Elkana? Mtoto nimkate kitovu kwa jiwe la njiani?"

Elkana akaenda kushika mivukuto yake. Mara wakaja askari na mkokoteni, kwa kuwa mfalme alikuwa akijiandaa kupigana na binamu yake wa ng'ambo ya mto, ugomvi wenyewe wa kinu cha kusagia ngano. Wakamwaga panga mia tatu mlangoni.

"Zinoe, Myahudi! Siku ya nane tuzikute zinanyoa ndevu!"

Elkana akaushika upanga wa kwanza, akaugeuza huku na huku, akacheka peke yake kama mwehu. Nyundo ikalia siku zote ila Sabato.

Siku ya nane askari walikuta majembe mia tatu yamepangwa safi, yakingoja mipini. Wakayapakia mkokotenini, wakamburuta Elkana na majembe yake hadi barazani, wakayamwaga miguuni pa mfalme.

"Ewe mwendawazimu!" mfalme akafoka. "Panga zangu zi wapi?"

"Bwana wangu, uishi maisha marefu. Ndizo hizo, zimetii amri yako."

"Amri ipi?"

"Ile ya mbiu. Nabii yule yule wa padri amesema kwamba katika siku zile watu watazifua panga zao ziwe majembe, wala vita hawatajifunza tena. Nami nimeambiwa yote yametimia. Je, mtumwa wako anoe upanga? Huko si kukana kwa tendo? Mke wangu yu karibu kujifungua, bwana, nami nimeogopa kufukuzwa."

Mfalme akamgeukia padri. "Kasiani, mbona hilo hukunisomea?"

"Mtukufu," padri akasema, jasho likimtiririka, "hilo… hilo bado. Litatimia Masihi atakaporudi."

"Lahaula!" Elkana akajishika kichwa. "Amekana kwa neno, tena mbele ya mashahidi! Pole, padri wetu. Mizigo yako ni mingi? Mkokoteni uko mtupu."

Mfalme akayatazama majembe, akamtazama padri, akasema polepole, "Nikiishika amri, sina panga. Nikizitaka panga, sina amri."

"Ndipo tulipo na sisi, bwana wangu," akasema Elkana, safari hii bila mzaha. "Hatumtukani mtu. Twachungulia dirishani, twaona askari wananoa, twasema, bado. Siku mtakayoyapenda majembe kuliko panga, tuiteni. Tutakuja mbio, hata pasipo mbiu."

Mfalme akacheka hata taji likamteleza puani. Amri ikachanwa, na padri akaambiwa akakisome kitabu mpaka ukurasa wa mwisho ndipo arudi kuhubiri. Wakulima wakagawiwa majembe, vita vikaahirishwa kwa kukosa vyuma, na Yokabedi akazaa mtoto wa kike juu ya kitanda chake mwenyewe.

Hayo yote ni kweli tupu, isipokuwa jambo moja nililolitia mimi, na nisipoliungama nitakosa usingizi. Mfalme hakucheka. Aliichana ile amri kimya kimya, kama mtu amezaye mwiba wa samaki. Aliyecheka ni mimi, na mpaka leo nimekatazwa kukanyaga Montesera.