Mkilua Uliohama na Zimwi Lake

Sogeeni karibu, hadithi nayo isogee.

Alikuwako mjane, Mwanakheri, na mto ulikuwa unakula kiwanja chake. Akaamua kuhamia kwa mwanawe kilimani, ila hakuweza kuuacha mkilua, mti wa maua ya kunukia alioupanda marehemu mama yake.

Jioni akalishika shina, akavuta. Sauti ikatoka ardhini: "Mama, unaniumiza!" Akachimba kando ya shina. "Mama, unanikata!" Mara ya tatu akapiga magoti, akauliza, "Ni nani wewe?"

Likachomoza zimwi dogo, nywele zake mizizi mitupu. "Nimezaliwa humu. Ukinitenga na udongo wangu nitakufa, na mti utakufa."

Mwanakheri akayaona machozi ya lile zimwi. "Unaogopa kuhama?"

"Naogopa."

"Hata mimi, mwanangu."

Akapunguza matawi, akachimba mbali kulizunguka shina, akaliinua bonge zima la udongo, zimwi likiwa ndani, akalifunga kwa kanga. Kule kilimani akaupanda, akaumwagilia maji.

Siku ya kwanza majani yakanyauka, ya pili yakapukutika, ya tatu ukabaki mti mtupu. Kila asubuhi Mwanakheri aliinama, akauliza, "Upo?"

"Nipo, mama."

Siku ya nne hakujibiwa. Akaita, akaita, akaita, kisha akakaa chini akalia.

Ndipo ardhi ikapiga mwayo. "Nilikuwa nimelala, mama. Tangu tuhame, leo ndiyo kwanza nimepata usingizi."

Na shinani palikuwa na chipukizi, jani moja la kijani.

Nami nimefika nyumbani. Nanyi lalani salama.