Mtoto wa Jua Ndani ya Kichuguu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika na kulalia mikeka, kulikuwa na mji mmoja kilimani ambako heshima ilipimwa kwa moshi. Mwenye moshi mrefu kuliko wote ndiye mkubwa. Basi Tembo akawa anasukumiza magogo mazima jikoni, magogo, wanangu, kwa chungu kimoja cha maharage! Moshi ukafika mawinguni. Kilima kikaisha miti, na chemchemi iliyokuwa ikibubujika ikabaki kudondoka, to... to... to...

Pimbi akaona, akaingiwa na hofu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Chepe, mwenye kifua kibovu, asipopata uji wa moto asubuhi anakohoa mpaka macho yanamtoka. Uji unataka moto. Uji unataka maji pia!

Asubuhi moja Nyati akapasuka kwa hasira pale chemchemini.

"Basi! Kuanzia leo moto marufuku! Nikiona jiko linawaka, nalikanyaga!"

"Acha kelele," akasema Tembo. "Chemchemi hii ilikauka enzi za babu yangu, ikarudi yenyewe."

"Enzi za babu yako kilima kilikuwa na miti!"

"Kwa hiyo nile maharage mabichi? Na tumbo hili?"

"Kula majani!"

Pimbi akapenya katikati ya miguu yao. "Shikamooni, wazee. Na mwanangu je?"

"Atazoea," akasema Nyati.

"Mlete kwangu aote moto," akasema Tembo, "kama atauweza moshi."

Chepe akakohoa, koho! koho! koho! Pimbi hakungoja kusikia zaidi. Akambeba, akakimbia hadi nyuma ya nyumba yake, palipokuwa na kichuguu kilichohamwa na mchwa. Akakwangua, kwaru kwaru kwaru, akatoboa kimlango chini, na juu akachonga mdomo wa kukaa chungu barabara. Akawasha vijiti vitatu vikavu. Joto likakosa pa kutorokea.

Kesho yake akawaita. "Wazee, njooni! Nimemshika mtoto wa jua!"

Wakaja wakicheka. Wakainama. Lo! Moshi hakuna. Ndani ya kimlango, jicho jekundu linafumba na kufumbua kama lapumua. Juu, chungu kinaimba, tokotoko tokotoko. Tembo akakunja masikio yake, jitu zima lile. Nyati akapiga magoti bila kujua kwamba anapiga magoti.

"Huu si moto?" akanong'ona Nyati.

"Moto bila moshi uliuona wapi, mzee?"

"Anakula nini?" akauliza Tembo.

"Vijiti vitatu tu, vikavu. Ukimpa gogo anashtuka, anarudi kwao mbinguni."

"Nataka wangu! Moshi ni kitu gani, bwana, mimi niwe na jua nyumbani!"

"Na mimi!" akasema Nyati, akasahau marufuku yake.

Ikapita masika, ikapita vuli, ikaja masika nyingine. Pimbi alimchongea na kumwashia kila mmoja kichuguu chake, mji mzima ukapika hivyo, na visiki vikachipua. Mpaka siku moja Tembo, kwa hamu ya kumwona mtoto wa jua uso kwa uso, akaingiza mkonga kwenye kichuguu cha Pimbi. Haaa... hapchyaaa! Kichuguu pwaa! Majivu kila mahali, na makaa mawili matatu.

"Makaa!" akafoka Tembo. "Ni moto tu! Pimbi, umetufanya watoto!"

Nyati akainua kwato. Pimbi akamkumbatia Chepe, na ulimi ukakimbia.

"Nimewadanganya, ndiyo! Mzee Tembo, mara ya mwisho umeangusha mti lini? Na wewe mzee Nyati, huo moto unaouchukia, umekunywa uji wake misimu mitatu, kuna aliyekufa?"

Mara wakasikia sauti kutoka chemchemini, bubu-bubu-bubu. Wakageuka. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini ya mizizi ya vile visiki vilivyochipua, safi, mengi, yakimeta, kana kwamba ardhi imefungua mkono. Hakuna aliyethubutu kusogeza mguu. Kwato ya Nyati ikashuka taratibu.

"Pimbi," akasema kwa sauti ndogo, "udongo wa kukijenga tena kichuguu uko wapi?"

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: moto tusiuzime, lakini tuupe kipimo, ili maji nayo yabaki.